Kura Ikihama Huhesabiwa Mara Mbili

Mazungumzo na vijana, wazee na mawakala wa vyama, Chake Chake, Pemba. Yamewekwa hapa kamili kwa waliotaka kuja wakashindwa.

Assalaamu alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, nashika miguu. Akina mama, hamjambo? Vijana mliojazana mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie kura. Mimi nimesomesha hesabu kwenye skuli za kisiwa hiki mpaka nikastaafu, kwa hivyo msitegemee maneno ya jukwaani. Sikuja kumpigia mtu debe. Wala sikuja kueleza nani aliiba na nani aliibiwa. Mjadala huo upo, ni mrefu, na kila baraza ya kahawa hapa Pemba ina mabingwa wake. Leo nitazichukua tarakimu kama zilivyotangazwa, kisha nizifanyie jambo moja tu: nizihamishe. Nitoe kura huku niitie kule, tutazame serikali gani ingetoka.

Kwa nini? Kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia nasikia hesabu ileile barazani. "Wale wamechokwa. Watu wamehama. Safari hii asilimia kumi yao iko kwetu." Haya, asilimia kumi imehama. Imetoka wapi? Imekwenda wapi? Na khasa, inaishi wapi? Ukifika hapo baraza hunyamaza, mtu akaitisha kahawa nyengine.

Tuanze hapahapa tulipo.

Januari 1961, viti 22 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria vilishindaniwa Unguja na Pemba. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata 10. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambayo wazee wetu wanaiita Hizbu, ilipata 9. Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) ilipata 3. Katika viti kumi vya ASP, kimoja kilikuwa cha Chake Chake. Nani anajua walikipata kwa tofauti ya kura ngapi?

Naona wazee wanacheka. Ndiyo, kura moja.

Sasa vijana, nisikilizeni vizuri, maana darasa zima limo humu. Chukua mtu mmoja aliyeipigia ASP siku ile. Tuseme ameamka na homa, amebaki kitandani. ASP imepungukiwa na moja, upande wa pili uko palepale. Matokeo yake ni sare. Mtu yuleyule tuseme hana homa, ametoka, lakini njiani amebadili mawazo, akaipigia ya pili. ASP imepungukiwa na moja, ya pili imeongezekewa na moja. Hapo hakuna sare tena, ya pili imeshinda. Mtu mmoja, miguu miwili, karatasi moja. Akilala nyumbani anahesabiwa mara moja. Akihama anahesabiwa mara mbili.

Watu wa kampeni wengi hawalijui hili, au wanalijua wakalisahau wakishapanda gari la matangazo.

Tuendelee na Januari ile. Wale watatu wa ZPPP hawakukaa pamoja: wawili walikwenda na Hizbu, mmoja akaenda na ASP. Jumlisheni. Kumi na moja kwa kumi na moja! Serikali ya kudumu haikuweza kuundwa, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huohuo.

Hebu sasa tukihamishe kile kiti kimoja cha kura moja. Tuseme Chake Chake imekwenda kwa Hizbu. ASP wanabaki na 9, Hizbu wanakuwa 10. ZPPP tuwaache wagawanyike vilevile. Hizbu 12, ASP 10. Serikali imepatikana Januari, na uchaguzi wa Juni hauna sababu ya kufanyika. Na Juni, wazee mliokuwepo mnakumbuka, ilikuwa ni damu. Watu 68 walikufa katika fujo zile.

Sisemi kwamba kura moja ingewaokoa. Chuki ilikuwepo kabla ya masanduku, isingeondoka kwa sababu mtu mmoja wa Chake Chake kabadili mawazo njiani. Nasema tu kwamba mlango ule wa Juni ulifunguliwa na hesabu ya Januari, na hesabu ya Januari ilisimama juu ya kura moja ya mji huu.

Juni yenyewe ina fundisho lake, na hili ndilo linalonikosesha usingizi mimi kama mwalimu wa hesabu.

Januari ASP ilipata asilimia 40.2 ya kura. Juni ikapata asilimia 49.9. Karibu pointi kumi zimeongezeka! Ile "asilimia kumi" ya barazani, hii hapa, imetokea kweli. Jimbo moja lilikuwa limeongezwa, viti vikawa 23. Sasa niambieni, viti vya ASP viliongezeka vingapi?

Hakuna. Walikuwa na kumi, wakabaki na kumi.

Hizbu je? Kutoka asilimia 35.8 wakashuka mpaka 35.0. Wameshuka! Viti vyao vikapanda kutoka 9 hadi 10. ZPPP wakashuka kutoka asilimia 17.0 hadi 13.7, viti vyao vitatu vikabaki vitatu. Kumi na tatu ni kumi na tatu: Hizbu na ZPPP wakaunda serikali. Na mwaka 1963, Julai, mambo yakawa makubwa zaidi. ASP asilimia 54.2, zaidi ya nusu ya wapiga kura wote wa visiwa hivi, viti 13 kati ya 31. Hizbu 12, ZPPP 6. Serikali ya Mohammed Shamte ikapokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Yaliyofuata Januari 12, siku ya Mapinduzi, sina haja ya kuyasomesha kwa watu wa Pemba.

Ilikuwaje? Mambo mawili. La kwanza, Hizbu na ZPPP safari hii waliingia wakiwa wameungana, kura zao hazikupigana zenyewe kwa zenyewe. La pili ni kwamba kura za ASP zililundikana. Kwenye majimbo yao ya Unguja walishinda kwa mlima, na mlima hauna kiti cha ziada. Timu ikishinda tisa bila inapewa pointi tatu. Ikishinda moja bila inapewa pointi tatu zilezile. Mabao manane yaliyobaki ni ya kusimulia.

Chukueni kalamu, tufanye la kubuni. Majimbo matatu, kila moja wapiga kura 100. Chama cha kwanza kimepata 90, 48 na 48. Jumla 186 kati ya 300, yaani asilimia 62. Chama cha pili kimepata 10, 52 na 52. Nani anatawala? Wa pili, kwa majimbo mawili. Sasa nawapa wa kwanza kura kumi mpya, lakini nawapa kulekule kwenye 90. Wamechukua mia kwa mia, watu wanacheza ngoma, na serikali hawana. Haya, nizitoe hizo kumi. Badala yake nihamishe watu watatu jimbo la pili na watatu jimbo la tatu. Imekuwa 51 kwa 49, na 51 kwa 49. Majimbo yote matatu ni yao. Kura kumi hazikuleta kitu, kura sita zimeleta serikali.

Kwa hivyo mtu akikwambia "watu wamehama", muulize: jimbo gani?

Twende 1995. Hapa najua joto litapanda, naomba tuvumiliane. Urais wa Zanzibar, tarakimu za Tume ya Uchaguzi: Dokta Salmin Amour wa CCM, kura 165,271. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, kura 163,706. Tofauti ni 1,565. CUF hawakuyakubali matokeo hayo, na hilo ni historia inayojulikana. Mimi narudi kwenye zoezi langu.

Ili matokeo yale yageuke, ilihitajika watu wangapi wahame? Kijana mmoja pale kasema 1,566. Hapana mwanangu, hiyo ni hesabu ya watu waliolala nyumbani, kama wangeamka wote wakampigia wa pili. Wanaohama wanahesabiwa mara mbili. Gawa kwa mbili, ongeza kidogo: 783. Toa 783 kwenye 165,271, inabaki 164,488. Ongeza 783 kwenye 163,706, inakuwa 164,489. Kura moja. Chake Chake 1961 imerudi, safari hii kwa nchi nzima.

Watu 783 ni wangapi? Hawajazi hata upande mmoja wa uwanja wa Gombani.

Lakini siku hiyohiyo watu walipiga na kura ya Baraza la Wawakilishi. CCM viti 26, CUF viti 24. CUF walichukua Pemba yote, majimbo 21, na matatu Unguja. Sasa nawauliza tena: wale 783 wangehama wote hapa Pemba, wote, kwenda CUF, Baraza lingebadilika? Lisingebadilika hata kiti kimoja. Pemba CUF walikwishaimaliza. Rais angebadilika, Baraza lingebaki 26 kwa 24. Na kama jimbo moja tu la Unguja lingegeuka, viti vya kuchaguliwa vingekuwa 25 kwa 25, na Rais asingeguswa.

Kura ya Rais haina anwani. Ukiishi Micheweni au Makunduchi, ni ileile. Kura ya mwakilishi ina anwani, na anwani ndiyo inayoipa uzito. Mtu mmoja, asubuhi moja, anashika karatasi mbili zenye uzani tofauti kabisa.

Mwaka 2010 ulikuwa pacha wa 1995, ingawa ulilelewa vyengine. Dokta Ali Mohamed Shein 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti 3,471. Waliohitajika kuhama: 1,736. Waliohitajika kutoka nyumbani: 3,472. Mara mbili, kama kawaida. Kulikuwa na wagombea wengine watano, na barazani wengi walisema, "hao wadogo ndio waliogawa kura." Hesabu inakataa. Dokta Shein alipita nusu, asilimia 50.1. Mtu akishapita nusu, wengine wote hata wakifunga kamba moja hawamfikii. Kura za kuyageuza matokeo yale zilikuwa katika sehemu mbili tu: mfukoni mwa mshindi, au kitandani kwa waliolala.

Nimesema ulilelewa vyengine kwa sababu kabla ya uchaguzi ule, tarehe 31 Julai 2010, tulikwenda kwenye kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo anayeshindwa naye anapata sehemu. Kwa hivyo 1995, kura 783 zilikuwa kati ya kila kitu na patupu. Mwaka 2010, kura 1,736 zilikuwa kati ya Rais na Makamu wa Kwanza wa Rais. Mhamo ni wa tarakimu zilezile za karibu, lakini bei yake imeshuka. Mimi kwa rai yangu hilo ndilo lililotuliza roho mwaka ule, kuliko hotuba zote za amani zilizosomwa.

Msidhani ni sisi peke yetu. Jirani zetu wa bahari hii, Seychelles, Disemba 2015: James Michel kura 31,512, Wavel Ramkalawan kura 31,319. Tofauti 193. Watu 97 wangehama ingetosha. Ramkalawan, ambaye ni kasisi, alikwenda mahakamani, hakufaulu, akasubiri, na 2020 akashinda duru ya kwanza bila ya mtu kuhitaji kikokotoo.

Sasa nije kwenye mhamo ambao si mhamo. Hapa ndipo magazeti yanapotuingiza shimoni.

Dokta Shein 2010, asilimia 50.1. Dokta Shein Machi 2016, asilimia 91.4. Mgeni akizisoma mbili hizo ataandika kwamba watu wengi mno wa Zanzibar walihamia CCM kwa miaka sita. Nyinyi mliokuwa hapa mnajua. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarejewa Machi, CUF wakasusia.  Wafuasi wengi wa CUF walikaa nyumbani. Asilimia haihesabu watu waliopo, inahesabu karatasi zilizomo sandukuni. Ukiwatoa wa upande mmoja, upande wa pili unakua bila ya kupata rafiki hata mmoja mpya.

Na kinyume chake kipo. Machi 2019 Maalim Seif aliondoka CUF akaingia ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga." Mnakumbuka? Ofisi zilipakwa rangi ya zambarau kwa muda mfupi, bendera zikashuka na nyengine zikapanda. Sasa mtu wa takwimu aliyekaa mbali anachukua jedwali. CUF, chama kikubwa cha upinzani Zanzibar tangu 1995, kimeanguka. ACT-Wazalendo, ambayo kabla ya hapo hapa haikuwa na nguvu ya kutajika, uchaguzi wa 2020 imeshika nafasi ya pili kwa asilimia 19.87, nyuma ya Dokta Hussein Mwinyi aliyetangazwa kwa asilimia 76.27. Upinzani waliyapinga matokeo, lakini si hoja yangu leo. Hoja yangu ni hii: kwa jedwali lile, huo ni mhamo mkubwa kuliko yote. Kwa baraza ya mtaani, ni watu walewale, juu ya jiwe lilelile, wakicheza bao lilelile. Chama ndicho kilichohama. Wao hawakusogea.

Kwa hivyo ukilinganisha vyama tu, utaona mhamo pasipo na mtu aliyehama. Na utakosa kuuona pale ulipo, kwa mfano watu mia tano wakitoka huku na mia tano wakitoka kule, jedwali linasema sifuri, na watu elfu moja wamebadili mawazo.

Ndugu zangu, hesabu hii ya mhamo ina wenyewe. Mwingereza mmoja, David Butler, ndiye aliyeipa umbo: chukua kiasi alichopungua huyu, chukua kiasi alichoongezeka yule, jumlisha, gawa kwa mbili. Televisheni yao ikatengeneza na ubao wenye mshale unaokwenda kushoto na kulia usiku wa matokeo. Kwa miaka mingi ulifaa, kwa sababu vyama vikubwa vilikuwa viwili na watu walihama karibu sawasawa kila upande wa nchi.

Uchaguzi wao wa 2024 uliuvunja mshale. Chama cha Labour 2019 kilipata asilimia 32.1 na viti 202. Mwaka 2024 kikapata asilimia 33.7. Kimeongeza pointi moja na nusu hivi. Viti? 411 kati ya 650. Na nikuongezeeni jengine: kwa idadi ya watu kilipungua, kutoka kura zaidi ya milioni 10.2 hadi milioni 9.7. Kura chache, viti maradufu! Conservative ndio walioporomoka, kutoka asilimia 43.6 hadi 23.7. Wengi wao hawakwenda Labour. Chama cha Reform kilipata asilimia 14.3, na wengine wakabaki majumbani. Reform yenyewe kwa asilimia hizo ilipata viti vitano. Viti vitano! Na Liberal Democrats kwa asilimia 12.2, pungufu ya hizo, wakapata 72, kwa sababu kura zao zina anwani nzuri.

Ukitumia kanuni ya Butler, mhamo kutoka Conservative kwenda Labour ni pointi 10.75. Lakini Labour walipokea 1.6. Kura zilizobaki zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa wa tatu, na aliyekula ni wa pili. Anayehama si lazima amfaidishe anayemhamia.

Kanuni ile Zanzibar nawaombeni msiitumie kama ilivyo. Inadhani nchi nzima inasogea hatua moja. Hapa petu watu hawasogei kwa nchi, wanasogea kwa kisiwa, kwa shehia, mara nyengine kwa ukoo. Pemba ya 1995 viti vyote 21 upande mmoja, Unguja sehemu kubwa upande wa pili. Ukitafuta wastani wa hao utapata mtu asiyeishi popote.

Mawakala, kazi yenu ni hii. Chukueni matokeo ya majimbo 50, jimbo moja moja. Yapangeni kwa tofauti, jembamba juu, nene chini. Kila tofauti igaweni kwa mbili, ongezeni kura moja pale inapobidi. Jumlisheni kutoka juu mpaka mfikie viti vya kugeuza Baraza. Jumla itakayotoka, nakuhakikishieni, itakuwa ndogo kuliko mlivyodhani, na majimbo yake hayatakuwa yale yenye mikutano mikubwa.

Na msisahau mstari mmoja zaidi, kwa sababu wengi wanaangalia wa kwanza tu. Katiba yetu ya baada ya 2010 inakipa chama cha pili nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kikipata angalau asilimia 10 ya kura za urais. Mwaka 2016, baada ya kususiwa, hakuna chama cha upinzani kilichofika hapo, na nafasi ikabaki tupu muhula mzima. Kuna watu humu watakaopiga kura wakijua wao si wa kwanza; na kwao mpaka wa kuangalia si hamsini, ni kumi.

Tuna muda kabla ya Alasiri. Maswali. Na yule kijana wa 1,566, wewe ndiye wa mwanzo, simama.